Kamera mbili, megapikseli 20 kila moja: nichukue ipi?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni fundi cherehani, mkazi wa Mikindani, mama wa watoto watatu. Nashonea barazani, karibu na ufuko, kwa hiyo kutwa nzima naona mambo ninayotamani kuyapiga picha: mama akichambua dagaa, watoto wakirudi madrasa, ngalawa zikiingia maji yakijaa, wateja wakijaribu magauni yao. Simu yangu si mbaya, mchana picha zinatoka vizuri. Lakini ndani ya nyumba magharibi ikikaribia, au mtoto akikimbia, napata ukungu mtupu. Ngalawa iliyo mbali nikiivuta karibu inageuka madoa. Na linaloniuma zaidi ni mama. Mama yangu ni mweusi wa kung'aa, na kila nikimpiga akiwa amekaa barazani, bahari na mchanga wa nyuma vinaonekana vyema, yeye anabaki kivuli. Umri wake umeenda, Mjomba. Nataka wajukuu wamwone alivyo.

Msimu huu nimepata pesa kidogo ya korosho na mgawo wa kikoba. Mdogo wangu aliyeko Dar kaniulizia Kariakoo kamera za mtumba, zile ndogo za mfukoni. Kapata mbili. Moja ni Canon IXUS 185, laki moja na nusu. Nyingine ni Sony RX100, ile ya mwanzo kabisa, laki tano. Nikamwuliza megapikseli, akasema zote 20. Tena Canon inavuta mara 8, Sony mara 3 na kitu. Sasa laki tano ni ya nini? Muuzaji anasema Sony ni ya wataalamu, lakini mimi si mtaalamu. Mume wangu anasema zote mbili ni kutupa pesa, simu inatosha.

Naomba uniambie ipi inafaa kwa picha za kila siku, na nitajuaje kama ni nzima, maana nitalipa kabla sijaiona. Tena unajua huku kwetu chumvi na mchanga haviachi kitu salama.

Mpwa wako, Mikindani

*

Marahaba mpwa wangu. Umeuliza mambo mengi, ila lililo zito ni la mama, na hilo ndilo litakaloamua kamera. Tuanze nalo, maana nusu yake unaweza kulitatua leo jioni kabla hujatuma hata shilingi Dar.

Kamera, ya simu au ya mkononi, kwa kawaida inapima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani wake, kitu cha katikati kati ya nyeupe na nyeusi. Mchanga na maji yanayometa vikijaa nyuma ya mama, kamera inaona mwanga umezidi na inaupunguza. Mchanga unatulia, uso wa mama unazama. Tatizo haliko kwenye ngozi ya mama wala kwenye mkono wako. Ni kipimo tu, na historia ya vipimo hivyo haikutufikiria sana sisi: enzi za filamu, maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi kwa kufuata kadi za mfano za Kodak, zilizoitwa kadi za Shirley, na kwa miaka mingi aliyekuwa kwenye kadi hizo ni mwanamke mweupe.

Kwenye simu, gusa uso wa mama kwenye kioo. Simu nyingi zitaonyesha kialama cha jua pembeni. Kivute juu taratibu mpaka uone macho yake, mikunjo ya paji la uso, ndonya ya mdomoni kama anayo. Mchanga wa nyuma utakuwa mweupe kupita kiasi. Uache uwe hivyo, hukuja kupiga picha ya mchanga. Kwenye kamera kazi hiyohiyo inafanywa na alama ya kujumlisha na kutoa, +/-. Kwa mama aliyeketi mbele ya bahari, peleka kwenye +0.7 au +1.

Bora zaidi, geuza kiti chake. Mkalishe kivulini pale barazani akiutazama uwazi, ukuta uwe nyuma yake, na wewe usimame upande wa ufukoni. Mwanga wa nje utampiga usoni kwa upole bila jua kumkunja macho. Fanya hivyo saa kumi na moja jioni au asubuhi mapema. Saa sita usihangaike: huko kwetu mwezi wa kumi na mwezi wa pili jua linasimama karibu utosini kabisa, na tundu za macho ya mtu zinakuwa giza tupu. Na ujue kinyume chake pia. Mama akivaa buibui jeusi na ukamsogelea mpaka nguo ikajaa picha nzima, kamera itadhani kuna giza na itauchoma uso. Hapo unatoa badala ya kujumlisha.

Sasa kamera zenyewe. Jibu langu ni hili: Canon iache. Chukua Sony ikiwa imepita ukaguzi nitakaokueleza. Isipopita, au laki tano ikiumiza nyumba, baki na simu yako. Kwa hilo mkwe wangu amesema kweli nusu: kamera ya laki moja na nusu haitakufikisha mahali ambapo simu haifiki, isipokuwa kwenye kuvuta na kwenye flashi.

Megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, zisikuumize kichwa. Picha ya kawaida ya studio, inchi 4 kwa 6, inahitaji kama megapikseli 2 tu ili isafishwe vizuri. Ukitaka kubwa ya kutundika, ukubwa wa karatasi ya A4, inatosha kama 9. Zote mbili zina 20, zimepita mbali. Na ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, zinabanwa zinapungua hata hivyo. Anayetaka picha kamili mtumie kama faili.

Tofauti iko kwenye kihisi, ile sahani ndogo nyuma ya lenzi inayopokea mwanga. Ya Canon ina kama milimita 6.2 kwa 4.6. Ya Sony ni milimita 13.2 kwa 8.8. Wewe ni fundi, hili utalielewa haraka: chukua leso ya mkononi na kanga, kila kimoja ukikate vipande 20. Hesabu ni ileile, lakini cha kanga utashonea kitu na cha leso utakitupa. Eneo la kihisi cha Sony ni mara 4 ya lile la Canon, kwa hiyo kila kipande kinapokea mwanga mwingi zaidi, na mwanga mwingi maana yake ni chembechembe chache kwenye giza na rangi ya ngozi iliyokamilika, yenye wekundu na udhahabu wake, isiyo kijivu kama jivu. Kwa sura ya mama yako ndani ya nyumba, hiyo ndiyo pesa unayolipia.

Kuna namba nyingine imeandikwa kwenye lenzi yenyewe, mwambie mdogo wako aisome. Canon imeandikwa 3.2 mpaka 6.9. Sony 1.8 mpaka 4.9. Namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana. Kwa 1.8 lenzi inapitisha mwanga zaidi ya mara 3 ya ile ya 3.2. Jumlisha hilo na ukubwa wa kihisi, utaona kwa nini mtoto anayekimbia sebuleni taa ikiwa moja anaweza kupatikana kwa Sony na kwa Canon akawa moshi. Angalia lakini namba ya pili: ukivuta, tundu linakuwa jembamba na faida inapungua. Kwa hiyo ndani ya nyumba usivute mpaka mwisho, sogea kwa miguu. Usisogee mno pia, maana lenzi ikiwa haijavutwa kabisa na uso uko karibu, pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbilia nyuma. Vuta kidogo tu, simama kama hatua mbili kutoka kwake.

Nisiionee Canon. Ni kamera nyepesi, rahisi kutumia, na kwenye jua la pwani inatoa picha safi. Miaka kumi na tano iliyopita ningekwambia kamera ya aina hiyo inaishinda simu yoyote. Lakini simu za sasa zinapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha kuwa moja, na kwenye mwanga hafifu ujanja huo unaipita kamera yenye kihisi kidogo. Unaweza ukaitoa mfukoni kwa furaha, jioni ukalinganisha na simu, ukaona simu imefanya vizuri zaidi. Hapo itaingia kabatini na laki moja na nusu imekwenda.

Utaniuliza ngalawa je, mbona Canon inavuta mara 8? Kweli, Canon inavuta kwa lenzi, si kwa kukuza picha kama simu yako inavyofanya, na ndiyo maana simu inakupa madoa. Sony inaishia mara 3.6. Lakini ukiivuta Sony mpaka mwisho, kisha nyumbani ukaikata picha ukabaki na robo yake ya katikati, unabakiwa na megapikseli 5, na ngalawa inakuwa karibu na ukubwa ule ambao Canon ingekupa. Tano inasafishika vizuri kwa inchi 4 kwa 6, tumeshaona. Kwa hiyo huko hupotezi unachodhani. Anayetaka kupiga ndege kwenye mikoko au sura ya nahodha akiwa katikati ya ghuba, huyo kamera yake si yoyote kati ya hizi.

Watoto wakikimbia, zungusha kitasa cha juu cha Sony kiwe kwenye S, chagua 1/250, yaani kamera ipokee mwanga kwa sehemu moja ya 250 ya sekunde, na ISO, kipimo cha wepesi wa kihisi kwa mwanga, iache ijipange yenyewe. Ukiona imepanda mpaka 1600, usiogope, kihisi hicho kinaivumilia.

Flashi nayo ni jambo ambalo kamera ndogo bado inaizidi simu. Taa ya simu ni kurunzi tu, inamulika lakini haigandishi mwendo. Flashi ya kamera inapiga kwa kufumba na kufumbua, na mcheza ngoma usiku anaganda angani miguu ikiwa juu. Inafika mita chache tu, usitegemee ifike mwisho wa uwanja. Ile ya Sony inachomoza juu kwa kijishikizo, na ukiizuia kwa kidole ikatazama juu, kwenye nyumba yenye dari jeupe mwanga unagonga dari na kushuka laini. Kwa magauni ya wateja wako hilo litakufurahisha sana. Ila mpwa wangu, wakati wa unyago piga ya nje, siku ya kuwatoa wali, shangwe na nguo mpya ulizoshona mwenyewe. Ya ndani yaache ndani, hata kama uko na kamera na wewe ni mmoja wao.

Zote mbili hazina tundu la kuchungulia. Utatazama kioo, na kwenye jua la saa saba ufukoni utaona uso wako mwenyewe badala ya picha. Cha Sony kinajitahidi zaidi, lakini tia kivuli kwa mkono au kwa ncha ya mtandio. Zote mbili pia hazina waifai, kwa hiyo picha hazirukii kwenye simu zenyewe. Nunua kisomea kadi kidogo cha kuchomeka kwenye simu, vinauzwa hata madukani Mtwara mjini, na uhakikishe kinaingia kwenye simu yako kabla hujaondoka dukani.

Twende kwenye ukaguzi, na huu aufanye mdogo wako pale Kariakoo akiwa na kamera mkononi, kabla pesa haijatoka. Kwanza afungue menyu aone lugha. Hili nalisisitiza kwa sababu mitumba mingi inatoka Japani, na Sony zilizotengenezwa kwa soko la huko mara nyingi zina Kijapani peke yake na huwezi kubadilisha. Kama haina Kiingereza, asijadiliane bei hata kidogo, aende zake.

Kisha aiwashe na kuizima mara kadhaa akiisogeza sikioni. Lenzi itoke na kurudi kwa mlio mmoja laini. Akisikia mkwaruzo, kuna mchanga ndani, na mchanga ndio unaoua kamera za aina hii kuliko kitu kingine. Vile vipande vinavyofunika lenzi vifunguke vyote. Amulike lenzi kwa tochi ya simu kutoka pembeni: akiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu umeota kwenye kioo, na hauishi kwa kufuta. Aweke kitasa kwenye A, achague f/11, yaani tundu dogo la lenzi, apige picha mbili za ukuta mweupe. Doa jeusi likikaa mahali palepale kwenye picha zote mbili, vumbi limeingia mpaka kwenye kihisi, na kulitoa ni lazima kamera ifumuliwe. Abandike ukurasa wa gazeti ukutani, aupige akiwa amesimama sawa mbele yake, kisha akuze kila kona. Kona moja ikiwa na ukungu na nyingine ni kali, kamera hiyo ilishaanguka. Picha zote hizo akutumie kama faili uzione mwenyewe. Wewe unajua kuangalia mshono ulioenda upande, na hii utaiona.

Betri aitoe aiangalie. Ikiwa imevimba au inatoka kwa shida, hiyo si ya kutumia. Jina lake ni NP-BX1, Sony iliendelea kuitumia kwenye kamera nyingi zilizofuata, kwa hiyo haijapotea sokoni. Ikiwa mpya inapiga kama picha 330. Ya mtumba itapungua, ni kawaida. Jambo zuri ni kwamba inachajiwa ikiwa ndani ya kamera kwa waya uleule wa simu za zamani za Android, hata kwa pawabanki umeme ukikatika. Ahakikishe inachaji kweli, palepale dukani. Memori yake ni SD ya kawaida. Na kama muuzaji ataanza kumwonyesha kamera nyingine za bei poa, ajue kwamba Sony za kabla ya 2010 zilitumia kadi yao wenyewe, Memory Stick, na Olympus na Fujifilm nyingi za zamani zilitumia xD. Kadi hizo siku hizi zinakusumbua kuliko kamera yenyewe.

Ikipita yote, bado zungumza na mkwe wangu. Usiifiche kwenye sanduku la vitambaa. Mpe simu yako na picha ya mama uliyoipiga kwa kugeuza kiti, umwonyeshe na ile ya ndani ya nyumba inayokushinda, muamue pamoja kama tofauti hiyo ina thamani ya laki tano msimu huu au msimu ujao. Mimi kwa upande wangu naona ina thamani, kwa sababu ya umri wa mama, na simwambii kila mtu hivyo.

Kamera ikifika Mikindani, ufukoni itoke mfukoni wakati wa kupiga tu na irudi. Usiiwashe upepo ukipeperusha mchanga, kwa sababu lenzi inapotoka na kurudi inavuta hewa na kila kilichomo. Usiiweke kwenye mfuko mmoja na vipande vya kitambaa wala chaki ya kushonea, nyuzi na vumbi lake vinaingia vilevile. Ukitoka baharini, ifute nje kwa kitambaa cha pamba kilicholowa kidogo maji baridi kuondoa chumvi, kisha kikavu. Lenzi usiifute kwa ncha ya kanga. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, halafu tumia kile kitambaa laini cha miwani. Nyumbani ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na mabegi mapya. Usitumie mchele, una unga. Na usiifungie kabatini miezi mitatu bila kuigusa, hasa masika, maana ukungu unapenda giza na hewa iliyotulia. Itoe, piga picha, hata za cherehani.

Safari ya kutoka Dar, asiipe basi kama kifurushi cha kutupwa chini kwenye buti. Amtafute mtu anayemjua anayeshuka Mtwara, amkabidhi mkononi, kamera imezimwa, lenzi imeingia ndani, betri imetolewa na kufungwa peke yake.